Sahihi ya Mwalimu

Marehemu baba yangu aliendesha tipa katika mgodi wa almasi wa Mwadui, huko Shinyanga, kwa miaka ishirini na mitatu. Alianza mwaka 1956, kijana asiyejua kusoma, akiwa utingo, na akastaafu akiwa dereva aliyeheshimika. Kila asubuhi, kabla hajapanda, alilizunguka tipa lake lote kwa miguu. Aligonga kila tairi kwa fimbo, akainama kutazama uvungu, akapapasa boriti za chini kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Sisi watoto wake tulimcheka. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Gari halina macho. Macho ni yako wewe."

Sikujua kwamba maneno hayo ningekuja kuwafundisha watu wengine, kwa lugha nyingine, katika nchi ambayo mate huganda kabla hayajafika chini. Nimefanya kazi ya kufundisha uendeshaji wa mitambo mizito katika mgodi mmoja wa almasi kaskazini mwa Kanada kwa miaka tisa. Katika insha hii nataka kueleza jinsi mawe ya Mwadui na mawe ya kule yalivyokutana katika maisha yangu, na pia jambo moja nililolifanya kwa kalamu ambalo bado linanisumbua.

Nianze na Mwadui. Aliyeugundua mgodi huo alikuwa mjiolojia kutoka Kanada, Dakta John Thorburn Williamson, mzaliwa wa jimbo la Quebec, aliyesoma Chuo Kikuu cha McGill. Alihangaika kwa miaka kadhaa katika nyika za Usukuma, mara nyingi akiwa hana fedha na akiugua malaria, mpaka mwaka 1940 alipoipata almasi aliyokuwa akiitafuta. Wazee wa Mwadui walitusimulia kwamba gari lake lilikuwa limekwama kwenye matope karibu na mbuyu. Kama ni kweli au ni chumvi ya masimulizi siwezi kuapa, lakini kila mtoto wa Mwadui alikua na hadithi hiyo. Mwaka 1947 likapatikana pale jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Lilipochongwa lilibaki karati 23.6. Williamson mwenyewe alifariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka hamsini tu. Baba alikuwa kazini mwaka huo, na alisema mgodi mzima ulinyamaza.

Kwa hiyo Mkanada alitoka kwenye theluji akaja kufukua almasi kwenye jua letu. Mimi nilitoka kwenye jua nikaenda kufukua almasi kwenye theluji yao. Nilijifunza kuendesha mitambo hapo hapo Mwadui miaka ya themanini. Mwishoni mwa miaka ya tisini mke wangu, ambaye ni muuguzi, alipata kazi mjini Edmonton, nami nikamfuata. Mwaka 2001 nikaajiriwa mgodini, na mwaka 2004 nikafanywa mwalimu.

Historia ya almasi za kule ni fupi kuliko ya kwetu. Wataalamu wawili, Charles Fipke na Stewart Blusson, walitumia karibu miaka kumi wakifuata chembe ndogo za madini ambayo huandamana na almasi. Zamani sana nchi ile yote ilifunikwa na barafu nene, na barafu hiyo ilipokuwa ikijongea ilizikokota chembe hizo mamia ya kilometa kuelekea magharibi. Wao wakazifuata kinyumenyume, kama msasi anayerudi kwenye nyayo za mnyama, hadi kwenye eneo la ziwa liitwalo Lac de Gras, kiasi cha kilometa 300 kaskazini mashariki mwa mji wa Yellowknife. Novemba 1991 ilitangazwa kwamba kilo 59 za mwamba zilizochorongwa huko zilikuwa na almasi ndogo 81. Watu wakamiminika kuweka vigingi kila mahali. Mgodi wa kwanza, Ekati, ulifunguliwa mwaka 1998. Wa pili, Diavik, ulianza kuzalisha mwaka 2003.

Kuna tofauti moja iliyonifurahisha mimi kama mtu wa Mwadui. Kwetu mwamba wa almasi umetandaa wazi juu ya ardhi kama uwanja, hekta 146, kwa sababu mmomonyoko haukuula sana. Kule barafu iliukwangua mwamba huo laini mpaka ukawa shimo, na shimo likajaa maji. Ndiyo maana almasi nyingi za kaskazini zimelala chini ya maziwa. Ili kuzifikia, ziwa hukaushwa. Diavik walijenga tuta la mawe la karibu kilometa nne ndani ya ziwa, kisha wakayavuta maji yaliyozungukwa na tuta hilo, ndipo wakaanza kuchimba.

Lakini maziwa hayo yalikuwa na wenyewe. Watu wa asili wa kule, Wadene, na hasa Watlicho miongoni mwao, waliwinda na kuvua hapo tangu enzi na enzi. Jina Ekati ni la kwao, nalo maana yake ni ziwa la mafuta, kama ilivyo kwa jina la Kifaransa la Lac de Gras. Wazee wao hueleza kwamba mishipa ya mawe meupe kwenye miamba ya pale inafanana na mafuta ya karibuu. Huyo karibuu ni mnyama wa jamii ya kulungu, naye ndiye chakula, nguo na hema la watu wale. Siku ya kwanza nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba kwa lugha yetu mgeni akibisha hodi huambiwa "karibu", walicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo kila nilipoingia darasani mtu mmoja aliita "Karibu!" na mwingine akaweka vidole kichwani kama pembe.

Kumfundisha mtu mtambo mkubwa si kumfundisha kukanyaga mafuta na kushika usukani. Hayo hujifunza kwa siku mbili. Malori tuliyoanzia yalibeba tani 90 kila safari, na tairi lake moja lilinipita kimo. Dereva anayekaa juu kule hawezi kuona gari dogo lililosimama upande wake wa kulia, wala mtu aliyesimama mbele ya pua ya lori. Kwa hiyo somo langu la kwanza lilikuwa la baba: kulizunguka lori kwa miguu. Angalia nati za magurudumu. Angalia kama mafuta yanavuja. Angalia kama kuna mtu au gari. Somo la pili lilikuwa honi: mlio mmoja unawasha injini, miwili unakwenda mbele, mitatu unarudi nyuma. Somo la tatu lilikuwa matuta ya kandokando ya barabara, ambayo yasipungue nusu ya kimo cha tairi kubwa kuliko yote yanayopita hapo. Ukiliona tuta limeliwa, unasimama na kuita greda. Hujiambii kwamba mwenzako wa zamu ijayo ataita.

Kisha ilikuja baridi. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri chuma hukatika kama kuni kavu. Meno ya kijiko cha kuchotea mawe yalivunjika kwa pigo ambalo wakati wa kiangazi lisingeyafanya chochote. Dizeli ya kawaida huganda, hivyo hutumika dizeli maalumu. Tairi lililolala usiku kucha huwa bapa upande wa chini, na ukiondoka haraka unalipasua. Injini haizimwi ovyo, maana kuiwasha tena ni kazi ya nusu siku. Mwezi Desemba jua hutokeza kwa muda wa saa nne au tano tu, likiwa chini kama taa iliyowekwa sakafuni, halafu giza. Pepo zikivuma na kuitimua theluji, hewa na ardhi huwa rangi moja, na mtu hajui juu ni wapi. Amri ya wakati huo ni moja: simama ulipo, washa taa zote, sema mahali ulipo kwenye redio, na usishuke. Niliwaambia wanafunzi wageni kwamba mtu anaweza kupotea hatua kumi kutoka kwenye ngazi ya lori lake. Wanafunzi wenyeji hawakuhitaji kuambiwa.

Na hao wenyeji ndio hasa walionifanya niipende kazi. Migodi ilikuwa imewekeana mapatano na serikali na jumuiya za wenyeji kwamba watu wa kaskazini wapewe nafasi za kazi. Walikuja vijana na wazee kutoka vijiji vya Watlicho kama Behchokǫ̀ na Whatì, na Wainuit kutoka pwani ya Kugluktuk. Wengi hawakuwahi kuendesha chochote kikubwa kuliko pikipiki ya theluji. Lakini walijua kutazama. Kijana wa Behchokǫ̀ angeniambia kwamba upepo utageuka kabla ya saa sita, na ungegeuka. Karibuu wakikatiza barabara ya mgodi, sheria ilikuwa kwamba mnyama ana haki ya kupita na malori yanasimama. Madereva wa kutoka kusini walinung'unika kwa kupotezewa muda. Wenyeji walizima redio na kutazama kimya.

Sasa nifikie lile jambo lenyewe.

Kila mwanafunzi alikuwa na daftari. Ndani yake ziliandikwa saa zake za kuendesha nikiwa kando yake: mchana, usiku, barabara ya mteremko, kupanga lori chini ya kijiko, kumwaga mzigo ukingoni. Saa zikitimia, mimi nilitia sahihi, na mwanafunzi akawa dereva. Bila sahihi yangu hakuna mtu aliyeweza kuliendesha lori peke yake.

Majira ya baridi ya mwaka 2007 nilikuwa na kijana mmoja, Mtlicho wa miaka ishirini na mbili, mwepesi kuelewa na mpole kwa mtambo. Nilimpenda kama mwanangu. Saa zake za mchana zilikuwa zimetimia. Za usiku zilipungua kumi na nne. Wiki hiyo madereva watatu walikuwa wagonjwa, malori yalikuwa yamesimama, na msimamizi wa zamu akaja kwenye meza yangu mara mbili kwa siku moja. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwalimu, wewe mwenyewe unajua kwamba kijana anaweza." Nami nilijua kwamba anaweza. Nikatia sahihi.

Siku ya nne, saa tisa usiku, kijana alikuwa amesimama kwenye eneo la kusubiri. Gari dogo la fundi likaja likaegesha upande wake wa kulia, mahali ambapo halikutakiwa kuegesha. Fundi alishuka kwenda kuangalia taa ya mnara. Kijana akaitwa kwenye redio aende kupakia. Alipiga honi mbili kama nilivyomfundisha, akaondoka huku akikata kulia. Lori lililipanda lile gari dogo likalilaza kama kopo la maziwa. Kijana alisema baadaye kwamba hakuhisi kitu chochote ila mtikiso, kama vile amekanyaga jiwe. Fundi alikuwa ameshuka kwa muda usiozidi dakika mbili.

Hakuna aliyekufa. Naliandika hili tena ili msomaji asidhani nalificha: hakuna aliyekufa. Lakini nilipofika pale na kuona kile kiti cha dereva kilivyokuwa, miguu yangu ilikataa kunibeba.

Uchunguzi ulifanyika. Niliulizwa kama kijana alikuwa amehitimu. Nilijibu, "Nyaraka zake zimekamilika." Jibu hilo lilikuwa kweli kwa sababu mimi ndiye niliyezikamilisha. Hakuna aliyefungua daftari kuhesabu saa. Fundi alipewa onyo, na kijana akafukuzwa kazi. Aliondoka kwa ndege ya asubuhi akiwa na begi lake moja, na kabla ya kupanda alinipa mkono na kunishukuru kwa mafunzo.

Nilikaa na jambo hilo wiki tano. Kazi yetu ilikuwa wiki mbili mgodini na wiki mbili nyumbani. Zamu ya pili ilipokwisha sikwenda Edmonton. Niliazima gari Yellowknife nikaenda Behchokǫ̀, mwendo wa zaidi ya kilometa mia moja. Nyumbani nilimkuta babu yake, mzee mfupi mwenye mikono mipana, na mjukuu akamfasiria. Waliniwekea chai na nyama kavu ya karibuu. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikalitoa lile daftari, nikalifungua kwenye ukurasa wa saa za usiku, nikaliweka mezani.

Kijana alilisoma. Alilijua tayari, bila shaka. Alikuwa amezihesabu saa zake mwenyewe. Mzee aliuliza, "Nani aliandika jina hapa?" Nikasema, "Ni mimi."

Alikaa kimya muda mrefu, kama ilivyo desturi yao. Kisha akaanza kusimulia habari ambayo mwanzoni sikuona inahusu nini. Alisema kwamba katika kiangazi cha 1921, pale pale ziwani, wajumbe wa serikali walikuja na karatasi, na chifu wao Monfwi akatia alama yake. Ulikuwa Mkataba wa Kumi na Moja. Baba yake mzee huyo alikuwapo, akiwa mtoto. Wazee walielewa kwamba wanapatana urafiki na amani, na kwamba hakuna atakayewazuia kuwinda. Karatasi ilisema kwamba wameiachia serikali ardhi yote. Kila mwaka kila mtu akapewa dola tano. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1973 jaji mmoja, William Morrow, aliwasikiliza wazee waliokuwa bado hai na akaona kuna shaka kubwa kama watu wale walielewa walichotia alama. Ilichukua miaka mingine thelathini ya mazungumzo mpaka Watlicho walipotia sahihi mapatano mapya na Kanada, mwaka 2003, wakapata ardhi yao na serikali yao.

Mzee alipomaliza alinisogezea nyama. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu kwamba jina la mtu likishaandikwa kwenye karatasi, mtu mwenyewe anaweza kuondoka, bali jina linabaki likifanya kazi.

Nilirudi mgodini nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaambatanisha nakala ya daftari. Nilieleza kwamba saa hazikutimia, kwamba nilijua, na kwamba nilitia sahihi kwa hiari yangu. Sikumtaja msimamizi wa zamu; yeye aliomba, lakini aliyekubali ni mimi. Nilivuliwa mamlaka ya kuhitimisha wanafunzi kwa miezi mitatu, nikarudishwa kuendesha lori, na nilistahili. Kijana hakurudishwa. Nilimwandikia barua ya kumpendekeza kwa watu wanaotengeneza barabara ya barafu, nao wakamchukua msimu uliofuata.

Barabara hiyo inastahili maneno machache. Tangu mwaka 1982 imekuwa ikijengwa upya kila majira ya baridi, kwa sehemu kubwa kabisa juu ya maziwa yaliyoganda, ili kufikisha dizeli, saruji na vipuri migodini. Huishi kama wiki nane hadi kumi, halafu huyeyuka. Lori lenye mzigo haliruhusiwi kuzidi kilometa 25 kwa saa, maana chini ya barafu kunafanyika wimbi linalokwenda pamoja na lori, na likizidi nguvu huipasua barafu mbele. Mwaka 2006 majira ya baridi yalikuwa na joto, barafu ikawa nyembamba, barabara ikafungwa mapema, na mizigo mingi ikabidi isafirishwe kwa ndege. Mwaka 2007 zikapita zaidi ya safari 10,000. Yule kijana alianza kwa kusukuma theluji na kupima unene wa barafu. Baadaye akawa dereva wa greda, na mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu alikuwa anawafundisha wengine.

Niliacha kazi mwaka 2013. Tangu wakati huo mengi yamegeuka. Diavik ilitangaza kwamba uzalishaji wake ungekoma mwaka 2026, na kwamba maji ya ziwa yangerudishwa kwenye mashimo. Kundi la karibuu la Bathurst, lililokadiriwa kuwa na wanyama zaidi ya 400,000 katika miaka ya themanini, lilihesabiwa mwaka 2021 likakutwa na 6,240 hivi. Wataalamu wanataja sababu nyingi, na wenyeji wanaitaja migodi miongoni mwake. Sina ujuzi wa kuamua. Najua tu kwamba katika miaka yangu ya kwanza tulisimamisha malori mara kwa mara, na katika miaka ya mwisho tulikuwa na vijana waliomaliza mafunzo yote bila kusimama hata mara moja.

Niliporudi Shinyanga mwaka 2014 kumzika baba, dada yangu alinipa ile fimbo yake ya kugongea tairi. Imechakaa ncha. Niliiweka kwenye sanduku pamoja na lile daftari, ambalo mgodi uliniruhusu kubaki nalo baada ya kutoa nakala. Kwenye ukurasa wa saa za usiku kuna mistari kumi na minne ambayo haina kitu, na chini yake kuna jina langu.